Baiskeli na Barabara za Mjini

Mwenye daftari na alifungue, mwenye kalamu na aiweke tayari. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo mnachokijua sana, yaani baiskeli. Tutajiuliza hivi: je, mtu aweza kupanda baiskeli katika mji mkubwa bila hofu?

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa nasomea diploma Dar es Salaam, nilinunua baiskeli kuukuu. Nyumbani Kigera nilikuwa nimepanda baiskeli tangu utoto, nikibeba samaki na unga kwenye karia, wala sikuwahi kuogopa. Asubuhi moja, katika Barabara ya Morogoro, basi lilinipita karibu mno, likanisukumia mtaroni. Sikuumia sana, ila gurudumu la mbele lilipinda. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kando ya njia alinisaidia kusimama. Akaniambia, “Pole, mwanangu. Huku barabara ina wenyewe.”

Maneno hayo sikuyasahau. Hao wenyewe ni nani? Na barabara walipewa lini?

Hapo zamani hatari ilikuwa katika baiskeli yenyewe. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli. Mtu alikikalia, akasukuma ardhi kwa miguu. Katika miaka ya 1870 watu wa Ulaya walipanda baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Kiti kilikuwa juu sana. Gurudumu likigonga jiwe, mpandaji alirushwa mbele, akaanguka kwa kichwa.

Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli ya namna nyingine, iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribia kulingana, na mnyororo ulizungusha gurudumu la nyuma. Mpandaji alikaa chini zaidi. Waingereza wakaiita baiskeli ya usalama. Miaka michache baadaye, mjini Belfast, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Basi baiskeli uliyoiegemeza ukutani hapo nje ya darasa ni mjukuu wa ile ya Starley.

Hivyo hatari ya kwanza ilipungua. Haikupungua kwa sababu watu waliongeza ushujaa. Ilipungua kwa sababu chombo kilibadilishwa. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa twende Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 mji ule ulikuwa na watu wapatao 128,000. Magari yalikuwa machache, na safari nyingi zilikuwa fupi. Karani au fundi aliweza kwenda kazini kwa baiskeli. Katika hesabu ya mwaka 2022 watu walikuwa zaidi ya 5,300,000. Nyumba zimefika Mbagala, Tegeta na Kimara, na kupita huko. Magari, daladala na bodaboda zimejaa. Barabara nyingi zilipanuliwa kwa ajili ya magari, na mwenye baiskeli akabaki ukingoni, kati ya lami na mtaro.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likitoka mwendo wa kilometa 30 kwa saa hadi 60, mwendo umekuwa mara 2. Lakini nguvu ya kugonga inakuwa mara 4. Kwa hiyo mtu anayeogopa gari la kasi si mwoga. Hofu yake ina hesabu ndani yake.

Mwalimu wa darasa, hapa tutanyamaza kidogo. Waulize wenzako: ni mahali gani katika njia zenu ambapo mwenye baiskeli huogopa, na kwa nini?

Ahsanteni. Sasa tusikie habari za Uholanzi. Watu hudhani Waholanzi wamepanda baiskeli kwa amani siku zote. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka mno huko. Katika mwaka 1971 pekee, watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakakasirika. Wakaingia mitaani, wakafunga njia, wakadai watoto wao wasiuawe tena. Mwaka 1973 mafuta yakawa haba, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda. Baadaye zikajengwa njia za baiskeli zilizotengwa na magari, mwaka baada ya mwaka. Amani ile ilidaiwa, kisha ikajengwa.

Kwetu pia kazi imeanza. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya barabara yao ziliwekwa njia za wenda kwa miguu na za baiskeli. Ni jambo jema. Lakini njia ikijaa pikipiki na meza za biashara, mwenye baiskeli hurudi kwenye magari. Njia hujengwa, kisha hulindwa.

Ndugu zangu wa Kigera, msiseme hayo ni ya Dar es Salaam. Musoma nayo inakua, na lami inaongezeka. Barabara mpya ikija, semeni mapema katika mkutano wa mtaa au wa kijiji: njia ya baiskeli itakuwa wapi? Watoto wa shule watavuka wapi? Ukingo ukishamwagwa zege, ni kazi ngumu kuubomoa. Nawe mwenyewe funga breki nzuri, weka taa usiku, pita kushoto.

Yule mama alisema kweli: barabara ina wenyewe. Wenyewe ni sisi sote, wenye magari, wenye baiskeli na waendao kwa miguu. Kwaherini, hadi somo lijalo.

Maneno ya kujifunza: karia, mnyororo, mtaro, ukingo, pedeli.

Maswali:
1. Baiskeli ya Starley ilikuwa na tofauti gani na ile ya gurudumu kubwa?
2. Kwa nini wazazi wa Uholanzi walifunga njia?
3. Andika sentensi 3 utakazosema katika mkutano wa mtaa au kijiji chako juu ya usalama wa barabara.