Kibao Juu ya Mlango: Maandishi ya Wafanyabiashara Wadogo katika Historia ya Kiswahili Nchini Kenya

Historia ya Kiswahili nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kufuata vitabu, shule, kamati na magazeti. Upo, hata hivyo, uwanja mwingine wa maandishi ambao wananchi huusoma kila siku bila kufunua kitabu, nao ni kibao cha biashara ndogo: ubao au bati lililopakwa rangi na kutundikwa juu ya mlango wa duka, hoteli, bucha au kinyozi. Makala haya yanafuata historia ya kibao hicho kwa nia ya kuonyesha kwamba kwa muda mrefu kilikuwa mahali ambapo mtu wa kawaida aliandika Kiswahili hadharani kwa mamlaka yake mwenyewe, na kwamba mamlaka hayo sasa yanamponyoka.

Kabla ya Kibao

Biashara ya pwani ilikuwapo karne nyingi kabla ya kibao. Katika miji kama Lamu na Mombasa, tajiri alijulikana kwa nyumba yake, hasa kwa mlango wa nakshi, ambao mara nyingine ulichongwa aya au tarehe kwa hati za Kiarabu. Mlango huo ulitangaza heshima ya mwenyewe. Haukutaja bidhaa wala bei. Ama mchuuzi mdogo, yeye alitangaza kwa sauti. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akipita vichochoroni, na mlio ule ulitosha kumwita mteja. Mahali ambapo watu wanajuana hapana haja kubwa ya kuandika jina la jirani. Kibao huhitajika pale mteja anapokuwa mgeni.

Reli na Duka

Wageni waliongezeka kwa kuja kwa reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kandokando yake yalizuka maduka ya Wahindi. Mashuhuri miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Allidina Visram, ambaye hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa ameeneza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda. Katika Nairobi mtaa wa maduka hayo uliitwa Bazaar Street, ambao leo ni Biashara Street. Maandishi rasmi ya mji wa kikoloni yalikuwa ya Kiingereza, na vibao vya maduka vikafuata desturi hiyo: jina la ukoo, kisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “na wanawe”. Mwafrika, aliyehitaji kibali hata cha kukaa mjini, alikuwa msomaji wa vibao kuliko kuwa mwandishi wake.

Hali ilianza kubadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika mwaka 1945. Baadhi ya askari waliorudi walitia akiba zao katika maduka, hoteli na magari ya uchukuzi, na katika vituo vya biashara vya mashambani vibao vya Waafrika vikaongezeka. Uhuru wa mwaka 1963 na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967, ambayo ilitenga maeneo na bidhaa fulani kwa raia, viliharakisha mabadiliko hayo. Majina ya maduka nayo yakafuata siasa za wakati: Uhuru, Umoja, Harambee, kisha Nyayo, baada ya Rais Moi kushika madaraka mwaka 1978. Anayepita sokoni akisoma majina hayo anaweza kukisia, bila kuuliza, duka gani lilitangulia lingine.

Mchoraji na Lugha Yake

Aliyevitengeneza vibao hivyo alikuwa mchoraji wa mtaani, fundi aliyejifunza kwa kumtazama fundi. Alinyoosha bati, akalipaka rangi ya chini, akapiga mistari kwa uzi uliotiwa chaki, akagawa nafasi za herufi kwa penseli, ndipo akajaza rangi ya mafuta kwa brashi. Kwa kuwa wateja wengi hawakujua kusoma, picha ilitangulia neno: kichwa cha ng'ombe kwa bucha, kikombe chenye mvuke kwa hoteli, kichwa kilichochongwa nywele kwa kinyozi. Nafasi ilikuwa finyu na rangi ni ya kununua, hivyo kila neno lililobaki lilikuwa limelipiwa.

Ufinyu huo una umuhimu kwa mwanaisimu. Kinyozi, kwa asili ya neno, ni mtu anayenyoa. Neno hilo likiandikwa peke yake juu ya mlango, msomaji hulifungamanisha na mlango, na leo Mkenya husema anakwenda kinyozi akiwa na maana ya mahali. Bucha limepita njia hiyohiyo: kwa Kiingereza neno lililozaa bucha humtaja mtu, lakini kwa Kiswahili bucha ni duka la nyama. Hoteli nayo, katika vituo vya biashara, ni mahali pa chai na chakula, wala haimwahidi mgeni kitanda. Hapana kamati iliyoamua mabadiliko haya. Yaelekea kibao kilichangia sana kuyaeneza.

Aidha, kibao kilihifadhi matamshi ambayo vitabu viliyafuta. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha kuundwa mwaka 1930, vitabu vya shule vilipitia mikononi mwa wasanifishaji. Kibao hakikupitia. Kwa hiyo, mahali ambapo lugha ya mama haitofautishi l na r, mchoraji angeweza kuandika “hoteri” bila wasiwasi, na mteja akaingia kunywa chai. Mwalimu wa lugha huona kosa hapo. Mwanahistoria huona ushahidi wa nani alikuwa akiandika.

Ndani ya duka kibao kiliendelea na kazi, hasa ile ngumu ya kumnyima jirani mkopo. Maneno kama “Hakuna mkopo leo, njoo kesho” yalimwezesha mwenye duka kukataa bila kufungua kinywa, na jirani kucheka badala ya kununa.

Rangi ya Kampuni

Kampuni kubwa ziliutambua mapema uwezo wa mlango wa duka. Kampuni za soda, Coca-Cola ikiwa mfano unaojulikana zaidi, zimetoa vibao bure vyenye nembo yao na nafasi ndogo ya jina la mwenye duka. Baada ya Safaricom kuanzisha M-Pesa mwaka 2007, vibanda vya mawakala vilipakwa rangi ya kijani nchini kote. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa kompyuta, ambayo hukamilika kwa muda mfupi na kumpunguzia mchoraji riziki. Sheria nayo imeingia: Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka ya kudhibiti matangazo ya nje, na pamoja na udhibiti huja vibali na ada.

Haifai kumlaumu mwenye duka. Rangi ni ghali, na ukuta uliopakwa bila malipo ni msaada wa kweli. Tena nembo inayojulikana humpa mgeni imani ambayo jina la mtu asiyemjua haliwezi kumpa. Lakini yafaa ikumbukwe kile kinachotolewa kama malipo. Maduka kumi yenye rangi moja humtangaza mwenye rangi. Mteja akitaka kumwelekeza mwenzake duka analolipenda, kibao hakimsaidii tena.

Hitimisho

Vibao vya bati hushika kutu, huondolewa, hupakwa rangi juu ya rangi. Maktaba hazivihifadhi. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotoka katika kila kituo cha biashara nchini. Kila mmoja akinakili vibao vya kwao vilivyosalia, pamoja na tahajia yake, mahali na mwaka, utapatikana mkusanyo wa Kiswahili kilichoandikwa na wasioitwa waandishi. Kazi hiyo yapasa ifanywe wachoraji wazee wangali hai, kwa maana wao ndio wanaojua ni nani aliyechagua maneno.