Profesa Abel Wolman na Kipimo cha Dawa ya Maji

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitumaini kupata habari za waasisi wa shule. Habari hizo wenzangu wamezieleza vizuri katika matoleo yaliyopita. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya mtu ambaye hakupata kukanyaga shuleni kwetu, lakini kazi yake ilituhusu sote tuliokunywa maji ya tangi lile la nyuma ya bwalo.

Waliokuwapo mwaka 1996 watalikumbuka. Siku nyingine maji yalinuka dawa hata chai ya asubuhi ikawa hainyweki. Siku nyingine hayakuwa na harufu yoyote, nasi tukashangilia. Aliyetia dawa alichota unga wa klorini kwa kopo na kuumwaga ndani kwa kukisia. Maji yaliponuka sana, sisi wa kidato cha tatu tuliteremka kijitoni kuchota ya huko, ambayo kwetu yalikuwa matamu. Muhula wa pili bweni letu likaingiwa na homa ya matumbo. Mimi nililazwa siku kumi na moja. Mwenzetu tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini alichukuliwa na wazazi wake akiwa hajiwezi, na hakurudi tena shuleni.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikutana na jina la Abel Wolman katika kitabu cha uhandisi wa mazingira. Nikaelewa kwamba kosa la lile kopo lilikuwa limekwisha kupatiwa jibu tangu mwaka 1919.

Wolman alizaliwa tarehe 10 Juni, 1892 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, kwa wazazi Wayahudi waliohamia huko kutoka Poland. Alisoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini humo humo, akapata shahada ya kwanza mwaka 1913 na ya uhandisi mwaka 1915, akiwa miongoni mwa wanafunzi wanne wa kwanza kuhitimu uhandisi chuoni hapo. Alikuwa bado mwanafunzi alipoajiriwa na idara ya afya ya serikali kuu kuchota maji ya mto Potomac ili yapimwe uchafu. Kazi ya kuchota maji kwenye chupa haina fahari, lakini ndiyo iliyomwonyesha kwamba maji ya mto mmoja hayafanani leo na kesho.

Baada ya hapo akaingia Idara ya Afya ya Maryland, akawa mhandisi mkuu wake kuanzia 1922 hadi 1939. Hapa naomba wenzangu tulio maofisini tutue kidogo. Kazi iliyompa jina aliifanya akiwa ofisa wa kawaida wa serikali ya jimbo, hajafika miaka thelathini, na uprofesa bado uko mbali.

Tuwe wakweli: si yeye aliyeanza kutia klorini katika maji ya kunywa. Dakta John Leal na mhandisi George Fuller walikwisha kuitumia kwa maji ya Jersey City mwaka 1908, na watu wakapelekana mahakamani kwa ajili hiyo. Swali lililobaki lilikuwa la kiasi: itiwe ngapi? Maji yenye tope na mabaki ya majani humeza klorini kabla haijawafikia vijidudu. Mvua ikinyesha juu mlimani, kipimo kilichotosha jana leo hakitoshi. Ukizidisha kwa hofu, watu wanayakataa maji na kwenda kunywa ya kisimani au kijitoni. Sisi hatukuhitaji kuhadithiwa hayo.

Wolman, pamoja na mkemia Linn Enslow wa idara hiyo hiyo, waliyaacha maji yenyewe yatoe jibu. Walichukua sampuli, wakatia klorini ya kiasi kinachojulikana, wakasubiri, kisha wakapima kiasi gani kimemezwa. Kipimo cha mtambo kikawa ni kile kilichomezwa, na nyongeza kidogo juu yake ibaki kulinda maji njiani. Walichapisha njia hiyo mwaka 1919. Uzuri wake ni kwamba haikumtaka mlinzi wa mtambo awe profesa. Ilimtaka apime kila siku na kuandika alichokiona.

Kuanzia 1937 hadi 1962 alifundisha Johns Hopkins na kuongoza idara ya uhandisi wa usafi na afya. Alilishauri Shirika la Afya Duniani, na serikali za nchi kadhaa zikiwamo India na Ghana. Mwaka 1965 aliandika katika jarida la Scientific American makala iliyoutazama mji kama kiumbe anayekula na kwenda haja. Alikadiria kwamba mji wa Marekani wenye watu milioni 1 huingiza kwa siku tani 625,000 za maji na tani 2,000 za chakula, na kutoa tani 500,000 za maji machafu. Mimi niliyekwisha kukaa vikao vya bajeti ya maji ambamo neno maji machafu halikutajwa hata mara moja, makala hiyo huisoma tena kila mwaka.

Mwaka 1974 mkemia wa Uholanzi, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huzaa kemikali zisizofaa, mojawapo klorofomu. Wapo walioona ni bora klorini iachwe. Shirika la Afya Duniani mpaka leo linasema kemikali hizo zipunguzwe, lakini kuua vijidudu kusilegezwe kwa sababu hiyo. Nami ninayekumbuka lile bweni sioni vingine.

Kwetu, TANU iliamua mwaka 1971 kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji karibu na nyumba yake, umbali usiozidi mita 400. Lengo halikutimia. Nionavyo mimi, tulijifunza mapema kuhesabu mabomba, na tukachelewa kupima kinachotoka ndani yake.

Wolman alifariki tarehe 22 Februari, 1989, akiwa na umri wa miaka 96.

Mwaka jana nilipita shuleni. Tangi ni jipya, na pembeni yake kuna kijisanduku cha kupimia na daftari lililofungwa kwa kamba. Kijana wa kidato cha pili alikuwa zamu. Alitia kidonge katika kichupa cha maji, yakageuka rangi ya waridi hafifu sana, akayalinganisha na rangi za kwenye sanduku, akaandika 0.1.

"Shikamoo, mzee," akaniambia. "Samahani, nakwenda kumwita fundi. Leo ni kidogo."