Deraya ya Magamba: Jina na Umbo Lake

Neno deraya, lenye asili ya Kiarabu, latuambia kwamba askari alijikinga mwili. Halituambii vazi lake liliundwaje. Warumi walikuwa na deraya za namna mbalimbali, na mojawapo waliiita lorica squamata. Squama ni gamba la samaki. Amwonaye ngege akiparwa ufukoni karibu na Kombewa ataelewa mara moja sababu ya jina hilo.

Mafundi walikata vipande vidogo vya shaba au chuma, wakavitoboa, wakaviunganisha kwa waya safu baada ya safu, kisha wakazishona safu hizo juu ya kitambaa au ngozi. Kila safu ilifunika ncha za juu za safu iliyo chini yake, nao uzi ukasitirika. Ndani ya deraya palivaliwa nguo nene ya kupunguza kishindo. Pigo la kutoka juu liliteleza; silaha iliyochomwa kutoka chini iliweza kupenya baina ya magamba.

Kiebrania nacho, katika habari za Goliathi, chaitaja deraya hiyo kwa neno litumikalo kwa magamba ya samaki. Basi tusikope istilahi ng'ambo: "deraya ya magamba" yataja vazi na kueleza muundo wake.