Ripoti ya Mtafiti Huandikwa kwa Ajili ya Nani?

Kila mwaka, mtafiti wa afya aliyepewa ruzuku na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, maarufu kwa kifupi cha NIH, huingia katika mfumo wa mtandaoni uitwao eRA Commons na kujaza ripoti ya maendeleo. Hueleza alichokifanya, alichokichapisha, aliofanya nao kazi na anachokusudia kukifanya katika mwaka unaofuata. Ripoti hiyo isipofika, fedha za mwaka unaofuata hazitoki. Watafiti wa Moshi, Nairobi na Kampala wanaoshirikiana na vyuo vya Marekani wanaifahamu shughuli hii, na wengi wao huihesabu kuwa kazi ya ukarani ya kumalizwa haraka ili mtu arejee maabara. Wanafunzi wangu wa uzamili nao hunishangaa ninapoitumia kufundishia historia ya siasa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia, hata hivyo, daftari lishikwe na nani, wala nani aruhusiwe kulisoma. Ripoti ya mtandaoni ya leo ni sura ya karibuni kabisa ya ugomvi wa zamani juu ya maswali hayo mawili, na sisi wa Afrika ya Mashariki tumo ndani ya ugomvi huo, ingawa mara nyingi bila jina.

NIH ilianza mwaka 1887 kama maabara ya chumba kimoja katika hospitali ya mabaharia huko Staten Island, New York. Jambo linalotuhusu hapa lilikuja baadaye: sheria ya mwaka 1937 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Saratani iliruhusu serikali kuwapa ruzuku watafiti walio nje ya maabara zake, na sheria ya mwaka 1944 ikaupanua uwezo huo kwa magonjwa mengine. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mikataba ya utafiti wa tiba iliyokuwa ikisimamiwa na ofisi ya wakati wa vita ikahamishiwa NIH. Mwaka 1946 ikaundwa ofisi ya ruzuku chini ya daktari Cassius Van Slyke, ambaye msimamo wake haukuwa na utata: mtafiti achague mwenyewe swali lake, na akiona njia aliyoianza haimfikishi, awe huru kuiacha. Katika mazingira hayo ripoti ilikuwa jambo dogo. Mwanasayansi aliaminiwa kwanza, akaulizwa baadaye.

Imani ya namna hiyo ni rahisi fedha zinapokuwa chache. Bajeti ya NIH iliongezeka kutoka dola milioni 8 mwaka 1947 hadi zaidi ya dola bilioni moja mwaka 1966, na kabla hata ya kufika huko Bunge lilikwisha kuanza kuuliza. Aliyeuliza kwa ukali zaidi alikuwa L. H. Fountain, mbunge wa North Carolina, ambaye kamati yake ndogo ilitoa ripoti mbili, ya 1961 na ya 1962, zikikosoa jinsi NIH ilivyosimamia ruzuku. Hiyo haikuwa kamati ya afya. Kazi yake ilikuwa kuangalia uhusiano kati ya ngazi mbalimbali za serikali, na wajumbe wake waliutazama utafiti wa tiba kama walivyotazama fedha nyingine zozote zinazotoka hazina ya taifa. Mkurugenzi wa NIH, James Shannon, alijibu kwamba ulinzi wa kweli wa fedha za umma ni kuchagua watu bora na mawazo bora tangu mwanzo. Ukishamchagua vibaya, ukaguzi hautakuokoa. Fountain hakuridhika. Alitaka kujua, baada ya uteuzi huo mzuri, ofisi inajuaje kinachoendelea.

Nimesoma waandishi wengi wanaomchora Fountain kama adui wa sayansi. Siafiki. Swali lake lilikuwa la haki, na Shannon naye alikuwa na haki. Tatizo ni kwamba baada ya mabishano hayo kanuni zilikazwa, fomu zikaongezeka, na msomaji aliyekusudiwa wa ripoti akawa yule anayeogopa kuitwa tena mbele ya kamati. Ripoti ilizaliwa ikiwa kinga ya ofisi inayotoa fedha, na tabia hiyo ya utotoni haijaitoka.

Kwa miongo mingi kinga hiyo ilikuwa karatasi. Kila idara ya serikali ya Marekani ilikuwa na fomu yake na maswali yake, na chuo kilichopokea fedha kutoka idara tano kilijibu kwa mitindo mitano. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya kurahisisha usimamizi wa misaada ya serikali kuu na kuupeleka kwenye njia za kielektroniki. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 2010 Ikulu ya Marekani iliagiza muundo mmoja wa ripoti ya maendeleo ya utafiti kwa idara zote. NIH iliulazimisha muundo huo kwa ruzuku za utaratibu mwepesi mwaka 2013, kwa nyinginezo Oktoba 2014, na kuanzia Januari 2017 ripoti ya mwisho ya mradi nayo ikaingia humo. Ruzuku za utaratibu mwepesi huripotiwa siku 45 kabla ya mwaka mpya wa bajeti, nyingine siku 60.

Wengi hudhani faida ya kuhamia mtandaoni ilikuwa kasi. Naona jambo kubwa zaidi lilikuwa kuunganisha. Karatasi hujibu kile ilichoulizwa, kisha hulala kabatini. Mfumo huitazama ripoti pamoja na kumbukumbu nyingine zote. Mfano bora ni machapisho. Tangu mwaka 2008 makala zinazotokana na fedha za NIH zinatakiwa kuwekwa katika hifadhi ya PubMed Central ili zisomwe bure; zamani kwa kuchelewa hadi miezi 12, na tangu Julai 2025 bila kuchelewa. Kwa miaka ya mwanzo amri hiyo ilipuuzwa na wengi. Mwaka 2013 NIH ilipoanza kuzuia fedha za mwaka unaofuata kwa mtafiti ambaye makala zake hazijatimiza sharti, na ripoti ya mtandaoni ikawa lango la kulikagua, utii ulipata meno. Mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura anayepakua makala ya malaria bila kulipa senti ananufaika na lango hilo, bila kujua lipo.

Ripoti yenyewe, hata hivyo, haiwekwi hadharani. Umma hupata muhtasari wa mradi, kiasi cha fedha, orodha ya machapisho na, mradi unapokwisha, maelezo mafupi ya matokeo kwa lugha nyepesi. Majibu ya kila mwaka, yaani kilichokwama, kilichobadilishwa na sababu zake, hubaki kati ya mtafiti, chuo chake na maofisa wa NIH. Kwa mwanahistoria, hayo ndiyo yenye uhai.

Tuje kwetu. Ndani ya fomu hiyo kuna sehemu ya washiriki, ambamo huorodheshwa kila aliyefanya kazi angalau mwezi mmoja kwa mwaka, na kama anafanyia kazi nje ya Marekani, nchi yake hutajwa. Sehemu ya athari huuliza ni dola ngapi za bajeti zinatumika katika nchi za nje. Mtafiti wa Tanzania aliyepokea ruzuku ndogo kupitia chuo cha Marekani huandika sehemu yake na kuituma kwa barua pepe. Mtafiti mkuu huichambua, huifupisha na kuichanganya na nyingine, kisha afisa wa chuo chake mwenye mamlaka ya kusaini huiwasilisha. Aliyekusanya damu na takwimu vijijini ameripoti, lakini hakuripoti kwa NIH. Ameripoti kwa mwenzake, na sentensi zake zimefika Bethesda zikiwa na sauti ya mtu mwingine.

Udhaifu wa mnyororo huo ulionekana mahali ambapo hakuna aliyetaka uonekane. Shirika la EcoHealth Alliance la New York lilipewa ruzuku mwaka 2014 kuchunguza virusi vya korona vya popo, na sehemu ya fedha ikaenda kwa Taasisi ya Virolojia ya Wuhan. Ripoti iliyotakiwa Septemba 2019 iliwasilishwa Agosti 2021. Shirika lilisema mfumo wa mtandaoni ulilifungia nje; maofisa wa serikali wakasema hawakuona ushahidi wa hilo. Mkaguzi wa wizara, katika ripoti yake ya Januari 2023, aliilaumu NIH pamoja na shirika hilo kwa usimamizi hafifu, na Januari 2025 shirika likafungiwa kupokea fedha za serikali kwa miaka 5.

Chanzo cha janga hakikujulikana kwa njia hiyo. Kilichofuata ni sheria kwa wote. Kuanzia 2024 wapokeaji wote wa ruzuku ndogo walio nje ya Marekani walitakiwa kutoa nakala za daftari za maabara na takwimu zao angalau mara moja kwa mwaka, sambamba na msimu wa ripoti. Tarehe 1 Mei 2025 NIH ikatangaza kwamba haitatoa wala kuhuisha ruzuku zenye ruzuku ndogo za nje mpaka utaratibu mpya wa kuzifuatilia fedha hizo uwekwe. Maabara ambazo hazikuwahi kuchelewesha ukurasa mmoja zikaingia katika hesabu ya kosa lisilo lao, na hazikuwa na ripoti zenye jina lao za kujitetea nazo.

Utaratibu mpya unakusudia kuipa taasisi ya nje ruzuku yake yenyewe, iliyofungamana na ruzuku mama. Pamoja na maumivu yote ya 2025, sehemu hiyo naiunga mkono. Tumewahi kuionja. Mpango wa elimu ya tiba ulioanza mwaka 2010, MEPI, wenye dola milioni 130 kwa miaka 5, ulipeleka fedha moja kwa moja kwa taasisi za Afrika, KCMC ya Moshi ikiwamo. Anayepokea moja kwa moja hulazimika kuwa na ofisi ya ruzuku, mhasibu anayeijua fomu na afisa anayesaini kwa jina la chuo chake. Hizo ni nguvu za utawala, na hazipatikani kwa kutuma aya mbili kwa barua pepe.

Lakini tusimtupie mgeni mzigo wote. Kibali cha utafiti wa afya kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kina sharti kwamba kila miezi 6 ripoti ya maendeleo ipelekwe wizarani, kwa NIMR yenyewe, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Lisome tena sharti hilo. Linamtaja msomaji wa wilayani, mtu ambaye fomu ya Marekani haimfahamu kabisa, na anayeishi na wagonjwa waliotafitiwa. Kwa maoni yangu aliyeliandika alikuwa na busara kuliko waandishi wa muundo wa 2010.

Katika wilaya moja ambayo sitaitaja niliomba kuziona ripoti hizo kwa miradi miwili iliyodumu miaka mingi. Karani alinipokea kwa adabu, akafungua kabati, akanionyesha nakala za vibali, barua za utambulisho na orodha ya posho za semina. Ripoti ilikuwa moja, ya kurasa tatu, kwa Kiingereza, haina muhuri wa kupokelewa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaweza kufanya jambo ambalo halihitaji fedha za mtu: kila ripoti ya miezi 6 inayofika ipigwe muhuri, iandikwe katika rejesta na ukurasa mmoja wa Kiswahili udaiwe juu yake. Msiisubiri Bethesda, sharti la kuwadai watafiti limo ndani ya kibali.