Makaa ya Mui na karatasi za wafanyakazi

1/ Kila msimu wa siasa, huku kwetu Kyuso tunaahidiwa kazi za makaa ya mawe ya bonde la Mui. Sawa. Lakini mshahara utaandikwa wapi, na hiyo karatasi itawekwa na nani?

2/ 1937, mafundi wa Nairobi waligoma siku 62. Katibu wa chama chao alikuwa Makhan Singh. Mishahara ikapanda. Baadaye mkoloni akamzuilia, 1950 hadi 1961.

3/ Haya tunayajua kwa sababu alitunza nyaraka. 1969 akachapisha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya.

4/ Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inakupa haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kwa hivyo mgombea akisema "kazi", muulize: mkataba uko wapi? Ahadi ya mdomo haina faili.