Adabu ya Kumwandikia Usiyemwona

Kila Novemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapowasili chuoni, husikia lalamiko lile lile kutoka kwa walimu wenzangu: vijana wa siku hizi hawana adabu mtandaoni. Hutukana, hudhihaki, hujibu kabla ya kusoma. Nami nililalamika hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka siku nilipogundua kwamba mkosa adabu nilikuwa mimi.

Nilikuwa nikisahihisha mitihani usiku. Nikakutana na sentensi moja iliyochanganya tarehe, majina na mantiki kwa namna iliyonichekesha. Nikaipiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wangu, pamoja na maneno mawili ya kejeli kuhusu kiwango cha elimu nchini. Sikutaja jina, nikalala nikiamini nimetoa mchango katika mjadala wa kitaifa. Kulipokucha watu walikuwa wakicheka bado, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa darasa lile lile walioutambua mwandiko wa mwenzao.

Mwenye mwandiko alikuja ofisini siku ya tatu. Alibisha hodi, akasubiri nimkaribishe, akasema, "Shikamoo, Dokta." Kisha akasema jambo moja tu: "Dokta, ungeniita, ningekuja." Niliifuta picha ile mbele yake na kumwomba radhi. Lakini nilimkosea hadharani na kumwomba radhi faraghani, na hesabu hiyo haijawahi kusawazika. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, kama mtu wa historia, sisi tulifundishwa wapi adabu ya maandishi, na ni wapi tuliiacha njiani.

Tuanze na neno lenyewe. Adabu limetoka katika Kiarabu, ambako neno hilo hilo hubeba maana ya mwenendo mwema na pia ya fasihi. Katika Kiswahili limepata maana ya pili iliyo kali zaidi: adhabu ya kumrudi mtu. Tunasema fulani ana adabu, na tunasema pia fulani ametiwa adabu au ameshikishwa adabu. Maana ya kwanza ni malezi, ya pili ni kiboko. Sehemu kubwa ya historia ninayotaka kuisimulia hapa ni historia ya mvutano baina ya maana hizo mbili.

Watu wa pwani walikutana na tatizo la kuzungumza na mtu asiyeonekana karne nyingi kabla ya simu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa. Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana, na walimaanisha hivyo. Kwa kuwa msomaji hakuuona uso wa mwandishi wala kuisikia sauti yake, barua ilibeba mwanzoni kile ambacho uso ungekibeba: jina na cheo cha anayeandikiwa, salamu, dua, kuulizana hali, habari za nyumbani, ndipo haja itajwe. Msomaji wa leo huweza kuziona salamu hizo ndefu kuwa ni kupoteza wino. Kazi yake ilikuwa ile ile ya hodi mlangoni, yaani kumpa mwenye nyumba nafasi ya kujiandaa na kumkumbusha mgeni kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Adabu hiyo haikuzaliwa na mtu, ilifundishwa. Katikati ya karne ya 19 Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mafunzo ya dini, unyumba na kuishi na watu. Tunaweza kubishana na mengi aliyoyashauri kuhusu nafasi ya mwanamke. Lakini imani yake kwamba mwenendo hufunzwa kwa maneno yaliyopangwa, na mtu anayekupenda, bado ina nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili, na maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mwaka 1905 aliiacha kazi ile baada ya kukabiliana na dharau ya kibaguzi ya wanafunzi wake. Mwalimu aliyewaeleza Wazungu namna Waswahili wanavyoheshimiana hakuheshimiwa darasani mwake. Kisa hicho kinatufundisha kwamba adabu inayodaiwa kwa mnyonge peke yake haistahili kuitwa adabu.

Mtu asidhani kwamba wahenga wetu walikuwa watu wapole wasiogombana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikielekea vitani, vita vilivyofikia kilele Shela mnamo mwaka 1812, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi ya kejeli na vitisho. Pemba nayo ilikuwa na Kamange na Sarahani, ambao malumbano yao yanakumbukwa hadi leo. Lakini malumbano yalikuwa na masharti. Aliyejibu alitarajiwa kujibu kwa mizani ya mwenzake, na mara nyingi kwa vina vyake. Hapo pana hekima kubwa kuliko inavyoonekana. Huwezi kujibu kwa mizani ya mtu usiyemsoma. Mshairi alilazimika kulisikiliza shairi la hasimu wake neno kwa neno, kulihesabu, kulielewa, ndipo atafute la kumshinda. Hasira ilipitishwa kwenye chujio la kazi. Kufikia ubeti wa mwisho, tusi lilikuwa limegeuka hoja au limegeuka sanaa, na kwa vyovyote lilikuwa limechukua muda.

Magazeti yaliongeza chujio la pili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, liliwafungulia wasomaji kurasa za barua na mashairi, na humo watu wa Tanga wakaweza kujibizana na watu wa Tabora bila kuwahi kuonana. Washairi wengi walitumia majina ya kubuni. Kwa hiyo anayesema kwamba kujificha nyuma ya jina bandia ni uovu ulioletwa na mitandao ya kijamii hajazisoma kurasa hizo. Tofauti ni kwamba kati ya mwandishi na msomaji alikaa mhariri. Naye hakuwa malaika. Gazeti lile lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na yapo mengi ambayo lisingethubutu kuyachapa. Hata hivyo mtu aliyetaka kumtukana mwenzake alihitaji bahasha, stempu, siku kadhaa za posta na kibali cha mtu wa tatu. Wengi walipoa njiani.

Intaneti nayo ilikuwa na wazee wake, jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa kulisikia. Mtandao wa majadiliano wa Usenet ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipopokea wanafunzi wapya, mabaraza hayo yalijaa wageni wasiojua desturi; wenyeji waliwasuta, wakawaelekeza, na baada ya wiki kadhaa utulivu ukarudi. Kisha makampuni ya biashara yakaanza kuwafungulia wateja wao mlango, na wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Wakongwe wakaupa msimu ule jina la Septemba isiyokwisha, wakihesabu tangu Septemba 1993. Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika waraka wa kuorodhesha desturi njema za mtandao. Alishauri mgeni asome mazungumzo ya baraza kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuchangia, asiandike kwa herufi kubwa tupu kwa kuwa huko ni kupiga kelele, na majibu ya hasira yalazwe usiku mmoja kabla ya kutumwa. Bibi yangu angeusikia waraka huo asingeona jipya.

Afrika Mashariki haikupata hata hiyo Septemba ya kwanza, ile ya wageni wachache na wenyeji wengi. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kwa miaka mingi baadaye mashine hizo zilikuwa za wachache. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilipotua, na simu janja zikafuata zikishuka bei, tuliingia barazani kwa mkupuo, wote wageni, bila mwenyeji wa kutuambia vua viatu.

Gharama tulikwisha kuonyeshwa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu ulisambaza chuki za kikabila wakati nyumba zikiteketezwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 1,100. Simu haikuanzisha ugomvi wa ardhi na madaraka. Lakini iliwapa wachochezi sauti isiyo na hodi, isiyo na mhariri na isiyolala usiku mmoja.

Hapo ndipo maana ya pili ya adabu iliporudi kwa kishindo. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Uganda ilikwisha kuwa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta tangu mwaka 2011. Sheria za aina hii zina sehemu zenye haki: anayemtishia binti kwa picha zake za faragha anastahili mkono wa dola. Tatizo ni mpaka. Mwaka 2019 Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi la matusi dhidi ya Rais Museveni; Februari 2020 Mahakama Kuu ilimwachia huru. Nyuma yake ipo historia ndefu. Mwaka 1948 Semakula Mulumba, mwakilishi wa Bataka wa Buganda mjini London, alialikwa chakula na askofu wa Kianglikana wa Uganda. Alijibu kwa barua ndefu ya kashfa, na nakala zake zikasomwa na watu huko nyumbani. Alikuwa na sababu. Katika utawala wa kikoloni, adabu ya mezani ilitumika kufunika dhuluma, na kuukubali mwaliko ule kungekuwa kukubali kwamba hakuna ugomvi.

Kwa hiyo ninapowaambia wanafunzi wawe na adabu, nina wajibu wa kuwaeleza ninachokikataa. Simwambii mtu apunguze ukweli mbele ya mwenye madaraka. Mtumishi wa umma anayeita swali la mwananchi utovu wa nidhamu ameichukua adabu ya kiboko na kuivisha kanzu ya malezi. Kigezo ninachokitumia ni cha mwelekeo: neno lako kali linamwelekea nani, naye ana uwezo gani wa kukujibu? Mulumba alimwelekea mwenye nguvu kuliko yeye. Mimi nilimwelekea kijana ambaye alama zake zilikuwa mikononi mwangu.

Darasani sasa sianzi na orodha ya makatazo. Wiki ya kwanza huwapa wanafunzi hoja ya mwenzao na kuwataka waieleze upya mpaka mwenyewe aseme, "Naam, hicho ndicho nilichomaanisha." Ndipo wapate ruhusa ya kuipinga. Wiki ya pili huwapa malumbano ya ushairi, wajibu kwa mizani ile ile. Hulalamika, huhesabu kwa vidole, kisha hucheka. Wakimaliza, wengi husema kwamba waliyoyaandika mwisho siyo waliyotaka kuyaandika mwanzo. Jibu lolote la hasira katika kundi la darasa hulala usiku mmoja, na kanuni hiyo inanihusu nami.

Kabla ya yote hayo, katika kipindi cha kwanza kabisa, huwasimulia kisa cha picha ile. Kijana mwenyewe amekwisha kuhitimu, naye aliniruhusu nikisimulie bila jina lake. Huomba radhi mbele ya darasa zima, kila mwaka, kwa kosa lile lile. Wapo wenzangu wanaoona kwamba ninajishushia heshima. Nami huwajibu kwamba nilikosa hadharani, na bado ninalipa.