Malori ya Grogan: Historia ya Usukani Unaocheza

Mwaka 1992 kampuni ya AWD ya Dunstable, Uingereza, iliyokuwa imerithi malori ya Bedford kutoka kwa General Motors miaka mitano awali, ilifilisika. Nairobi habari hiyo haikumkosesha mtu usingizi. Bedford za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa bado zinaleta mchanga kutoka Machakos na viazi kutoka Kinangop, na aliyetaka kingpini, bushi au springi hakuwa na haja ya kumwandikia Mwingereza barua. Alishuka River Road, akakata kuelekea mtoni hadi Kirinyaga Road, akaanza kuuliza duka kwa duka.

Kirinyaga Road ndilo jina la kwenye ramani. Watu, hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya uhuru, huiita Grogan. Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyejipatia umaarufu kwa safari ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaja kuhodhi ardhi ya kinamasi kando ya Mto Nairobi. Wakubwa wa mji hawakutaka kujenga nyumba zao mahali pa mbu na matope. Ardhi ikabaki kwa wenye maduka madogo, hasa Wahindi, na baadaye kwa Waafrika waliosukumwa mbali na barabara kuu za katikati ya mji. Biashara ya spea hutafuta mambo mawili: kodi nafuu, na wateja wanaoshuka kwenye gari hatua chache tu kutoka dukani. River Road na Grogan zilikuwa na yote mawili.

Mafundi wa mwanzo wa magari makubwa Nairobi hawakuanzia kwenye malori. Walianzia kwenye reli, iliyofika hapa mwaka 1899, na wengi wao walikuwa Masingasinga waliojua chuma kabla hawajakanyaga bara hili. Hata leo mzee akitaja fundi Kalasinga, msikilizaji anaona karakana, nyundo na kilemba. Aliyevuma kuliko wote ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi na dereva aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Sifa zake zilikuwa za gari dogo, lakini siri ilikuwa ileile ya lori: gari linalopita barabara mbovu huanza kufa miguuni, injini ikiwa bado nzima.

Waafrika waliingia katika ufundi huo kwa milango miwili. Wa kwanza ulikuwa Kabete, magharibi mwa mji, ambako serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha mafunzo ya kazi za mikono mwaka 1924. Ndicho chuo kilichokuja kuwa Kabete National Polytechnic. Wa pili ulikuwa vita. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya Waafrika waliendesha na kutengeneza malori ya jeshi, na waliporudi, baadhi yao waliunganisha akiba zao wakanunua malori wenyewe. Biashara nyingi za namna hiyo hazikudumu. Lori lilikuwa limekwisha kuchakaa kabla halijanunuliwa, na spea zilikuwa ghali. Hapo ndipo somo la kutengeneza badala ya kununua lilipoanza kufundishwa, bila darasa wala cheti.

Hali ya Hatari na ile Operesheni Anvil ya Aprili 1954, iliyowazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi, zilikata mafunzo hayo kwa muda. Baada ya uhuru watu walirudi kwa wingi kuliko mwanzo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na kazi ya gereji ikaongezeka. Viwanda vya kuunganisha magari vikafuata: Leyland pale Thika, General Motors pale Nairobi, na kingine Mombasa, vyote katika miaka ya 1970. Bedford na Leyland zikawa malori ya kila mahali.

Sasa tulitazame lori lenyewe lilivyo. Ekseli ya mbele ya lori la aina hiyo ni chuma kimoja kizito kinacholala chini ya injini. Kila mwisho wake una tundu la wima, na ndani ya tundu hilo imesimamishwa kingpini, pini ya chuma kigumu ambayo gurudumu huizunguka dereva anapokata kona. Juu na chini ya pini kuna bushi za shaba, na chini yake beringi inayobeba uzito. Vyote hivyo vinaishi kwa grisi. Dereva akisahau kupiga grisi, vumbi la changarawe huingia, likachanganyika na mabaki ya grisi, likawa msasa. Shaba inalika, pini inapata nafasi, na gurudumu linaanza kutikisika kwa mwendo fulani, hasa kwenye barabara yenye matuta madogo yaliyofuatana.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba dereva huuzoea. Breki ikikatika inajulikana papo hapo. Usukani huanza kucheza kidogo, kesho ukacheza zaidi, na mikono ya dereva inajifunza kuurudisha bila yeye kujua. Baada ya miezi sita anaendesha lori linaloyumba huku akiapa kwamba ni zima.

Fundi wa Grogan hakuwa na mashine ya kupimia, na hakuihitaji sana. Anainua ekseli kwa jeki, anaweka mtaimbo chini ya tairi na kunyanyua, kisha analishika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, anamwambia tanboi akanyage breki na anatikisa tena. Mchezo ukiisha, tatizo lilikuwa beringi ya gurudumu. Ukibaki, kingpini imekwisha. Kisha anashika kushoto na kulia: kama tairi linacheza na vyuma vya usukani vinachelewa kulifuata, tairodi, vyuma vinavyounganisha magurudumu ya mbele, ndizo zimelegea. Jaribio hilo ni la dakika chache, na mafundi wa nchi zenye vyuo vikubwa hufanya hilohilo.

Kubadilisha ndiyo kazi. Pini ya zamani mara nyingi imeshikwa na kutu, kwa hiyo inapashwa moto wa gesi na kupigwa nyundo mpaka jasho liwatoke watu wawili. Bushi mpya zikiingia, lazima zichongwe ndani kwa kifaa kimoja kirefu kinachopita ya juu na ya chini kwa mpigo mmoja, ili ziwe kwenye mstari. Asiye na kifaa hicho huchukua msasa, akauzungusha kwenye kijiti na kusugua. Pini itaingia, mteja ataondoka ameridhika, lakini bushi zimekaa upande na zitalika haraka. Hapa ndipo fundi mzuri na fundi wa kubahatisha walipotengana, na si kwa maneno yao.

Springi ni kisa kirefu zaidi. Lori hulipwa kwa mzigo, na lori lililoundwa kwa tani 7 likibebeshwa tani 10, mabamba ya springi hulala. Mwenye lori haulizi kwa nini yamelala. Anaenda Grogan na kuomba aongezewe bamba moja, pengine mawili. Lori linasimama tena, kwa macho. Ila uzito wa ziada sasa umehamia kwenye kingpini, kwenye beringi, kwenye tairi na kwenye chesisi, ambavyo hakuna aliyeviongezea kitu. Zaidi ya hayo, usukani wa malori hayo uliunganishwa na ekseli kwa chuma kirefu kilichopimwa kwa springi yenye upinde wake. Springi ikilala au ikikazwa kupita kiasi, kipimo kinavurugika, na lori likiingia shimoni hujigeuza lenyewe bila dereva kuugusa usukani.

Kuna bolti moja ndogo inayostahili kutajwa peke yake. Inapita katikati ya mabamba na kuyafunga yasiteleze, na kichwa chake hukaa ndani ya tundu la ekseli. Zile bolti kubwa zilizopinda, zinazobana springi na ekseli, zikilegea, nguvu zote huangukia bolti hiyo ndogo nayo hukatika. Ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na lori linatembea kiupandeupande kama kaa. Wakazi wa Kangemi waliwahi kuyazoea malori ya aina hiyo, yakiingia mjini kutoka Limuru alfajiri na shehena ya kabichi, magurudumu ya nyuma hayakanyagi yalipokanyaga ya mbele.

Bamba lililovunjika halikutupwa. Chuma cha springi ni kigumu na kinashika makali, hivyo wafua chuma wa Kamukunji na Gikomba walikinunua kufulia panga, patasi na visu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoishtua dunia kwamba watu hawa hawakuwa wazururaji bali uchumi kamili. Hata hivyo askari wa jiji waliendelea kuwafukuza. Ilibidi Rais Daniel arap Moi afike Kamukunji mwenyewe mwaka 1985 ndipo ahadi ya vibanda ilipotolewa, na waliofanya kazi juani wakaanza kutajwa katika mipango ya serikali.

Isuzu na Mitsubishi zilizochukua nafasi ya Bedford zilikuja na usukani mwepesi unaosaidiwa na mafuta. Madereva walishukuru. Lakini wepesi huo ulificha mengi: mchezo ambao zamani uliwafikia mikononi sasa unamezwa na pampu. Wakati huohuo maduka yakajaa bushi na tairodi zenye majina ya viwanda visivyozitengeneza. Sheria dhidi ya bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008, na msako hufanywa mara kwa mara, lakini bushi bandia ikishapakwa grisi hufanana kabisa na halisi.

Mafundi wa Grogan wamelaumiwa sana kwa ajali za Salgaa na za mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano miaka ya 1940. Lawama hiyo ni ya haki nusu. Wapo waliochomelea tairodi iliyopasuka wakijua wazi kwamba chuma cha usukani hakichomelewi, na hao hawana utetezi. Wengi, hata hivyo, walifanya kazi waliyolipiwa. Aliyeamua kubadilisha bushi moja badala ya nne, na aliyeagiza bamba la ziada badala ya kupunguza shehena, alikuwa ameketi mahali pengine akisubiri hesabu ya jioni.

Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa magari makubwa kabisa, na mizani ya Mlolongo, Gilgil na Mariakani inapima. Mizani hupima mzigo, haipimi kingpini. Ukaguzi wa magari ya biashara unafanywa mara moja kwa mwaka, na kwenye barabara ya changarawe bushi inaweza kwisha katika miezi michache. Kwa hiyo mwenye lori kuukuu asingoje tarehe ya ukaguzi. Ainue ekseli ya mbele kabla ya kila safari ndefu, aweke mtaimbo, alitikise tairi huku breki imekanyagwa. Likicheza, ashushe mzigo na alipie bushi zote nne.